Sala za Kanja, Nyumba kwa Nyumba

Juzi tulimzika Mzee Njagi kule Kanja, Embu, na mazishi yale yalinikumbusha kwa nini sipendi mazishi. Siku hizi mazishi yana mahema mengi kuliko machozi. Palikuwa na vipaza sauti vya kukodi, programu yenye picha za rangi, na mheshimiwa mmoja aliyefika wa mwisho akapewa kusema wa kwanza. Pasta kijana, mwenye viatu vilivyochongoka kama mdomo wa kuku, alitutangazia kwamba marehemu alikuwa nguzo ya maombi na kwamba kanisa la Kanja lilijengwa juu ya magoti yake. Watu wakapiga makofi. Makofi, mbele ya kaburi! Nilikaa kwenye kiti cha plastiki pamoja na wazee wenzangu nikajiambia kwamba hawa wote hawakuwahi kuomba naye hata siku moja, la sivyo wasingekuwa na furaha namna ile. Mimi niliomba naye karibu mwaka mzima, asubuhi na jioni, na sehemu kubwa ya mwaka huo nilimdharau yeye, nikamdharau pasta wake, na nikawadharau waumini wote mpaka aliyekuwa akifagia kanisa. Naandika juu ya mwaka huo. Mambo ya kwetu Kanyakine, upande wa Meru, nani alinizaa na nani alinifukuza, nitayaacha. Yanachosha, na kila mtu ana ya kwake.

Yatosha kujua kwamba nilifika Kanja nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, mtoto mgongoni, bila mume, na kwamba alinipokea dada mdogo wa mama yangu, ambaye nilimwita tata kama tunavyowaita kina mama wadogo kwetu. Mumewe alikuwa na kinu cha kusaga posho kando ya njia kuu ya kijiji. Nyuma ya kinu palikuwa na chumba cha mabati kilichokuwa stoo ya magunia, na hicho ndicho nilichopewa. Kilikuwa na mlango wake mwenyewe uliotazama njia, kitanda cha mbao, jiko la mawe matatu kwenye pembe, na vumbi la unga lililoingia kila mahali, kwenye chai, kwenye nywele, kwenye nepi. Mchana kutwa nilipokea mahindi ya watu na kuyamimina kinywani mwa ile mashine, na mwanangu Mwenda alitambaa kati ya magunia mpaka jioni akawa mweupe kama andazi ambalo halijaingia kwenye mafuta. Sikuwa na la kulalamikia. Tulikula githeri ya mahindi na maharagwe, tulikula nduma, yaani magimbi, na siku ambayo tata alikuwa na moyo mzuri tulikula njahi, yale maharagwe meusi, zilizopondwa na ndizi.

Nilichotaka kilikuwa kimoja: mtoto abatizwe. Kanyakine walikuwa wamekataa. Mtoto asiyekuwa na jina la kanisa alikuwa mtu nusu siku zile, watoto wenzake walimwita wa kichakani, na mama zao waliwasikia wakacheka. Hiyo ilikuwa sababu ya kwanza. Sababu ya pili ni kwamba nilimwamini Mungu, ingawa watu wake walikuwa wamenishinda, na nilitaka mtoto wangu awekwe mkononi Mwake kwa namna iliyo halali, mbele ya mashahidi, kama watoto wa wengine. Kwa hiyo nilivaa kitambaa changu safi cha kichwani nikaenda kwa Pasta Namu. Alinipokea kibarazani, akiwa bado anatafuna, na hakunikaribisha ndani.

"Mtoto hana makosa," alisema. "Lakini kanisa iko na utaratibu, unaona. Wewe uko chini ya nidhamu. Kaa kiti cha nyuma, usikaribie meza ya Bwana. Na hii maombi yetu mpya, hudhuria. Asubuhi na jioni, bila kukosa. Tukiona umesimama imara, basi Krismasi tutaangalia."

Tutaangalia! Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo, nimefanya kazi katika ofisi kadhaa, na nimelisikia neno hilo likitumiwa na kila aina ya mtu mwenye meza. Ni neno la watu wanaotaka kukukatalia wakati ambapo hawatakuwepo. Lakini nilikuwa mjinga, nikapiga goti kidogo, nikamwambia asante.

Hayo maombi mapya yalikuwa fahari yake. Pasta Namu alikuwa ametoka kwenye semina mjini, na alirudi na moto kifuani na chembe za biskuti mfukoni. Alituhubiria kwamba sisi watu wa Kanja tunaomba kama mbuzi wanavyokula, huku kidogo, kule kidogo, na kwamba Mkristo wa kweli huomba kwa saa yake kama vile ng'ombe anavyokamuliwa kwa saa yake. Kuanzia wiki ile, ringi ya lori iliyotundikwa kwenye mti wa mgrevilia ingepigwa kila alfajiri na watu wangekusanyika kanisani kwa sala ya asubuhi. Jioni sala ingezunguka nyumba kwa nyumba, kuanzia mwisho wa kijiji upande wa mto, ikifuata njia hadi barabara ya lami. Mfano wa ng'ombe ulikuwa mzuri, isipokuwa pasta mwenyewe hakuwa akikamua. Alfajiri ndiyo saa ambayo kila mwanamke wa Kanja yuko chini ya ng'ombe na kichwa kwenye ubavu wake. Waliofika kwa wakati walikuwa wale wenye wafanyakazi wa kuwakamulia, na hao ndio walioitwa imara. Waliochelewa walikuja mbio na gambuti zenye mavi, wakapiga magoti karibu na mlango, na wale imara wakawaombea ili Bwana awaondolee uvivu.

Msomaji wa kanisa alikuwa Mzee Njagi. Huyu alikuwa mtu mwembamba, mrefu, mwenye koti la kahawia ambalo sikuwahi kuona kifungo chake kikiwa wazi hata kwenye jua la Februari. Kazi yake ilikuwa kushika kitabu cha ibada na kuhakikisha kwamba hakuna anayeruka hata nukta. Kama mtu aliingia zaburi ikiwa katikati, Mzee aliirudia tangu mstari wa kwanza ili yule mtu asiibiwe. Aliyesema Amina kabla ya wakati alitazamwa mpaka akatamani kuimeza. Halafu ikaja sala yake ya mwisho, ambayo haikuwa kitabuni na haikuwa na mwisho. Alianza na uumbaji wa dunia. Akapita kwa Nuhu, akawataja wafalme wa Israeli wabaya na wazuri, akashukuru kwa wazungu walioleta Injili na akashukuru pia kwa kuwa walienda zao, akaiombea serikali, akaiombea kahawa isishikwe na ugonjwa, akaingia kwenye toba na kutubu kwa niaba yetu sote, dhambi ya mawazo, ya maneno, ya matendo, na ya mambo tuliyoacha kuyafanya. Baridi ya mlima ilikuwa ikipanda kutoka sakafuni hadi kwenye mifupa. Mwenda alilala mgongoni kwangu kwa amani kuliko mtu yeyote mle ndani. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha nyuma nikiuhesabu ule muda kwa kuuma meno, nikifikiri kwamba kama Mungu anamsikiliza mzee huyu mpaka mwisho, basi kweli ni mwenye huruma.

Aliyenikera zaidi kuliko Mzee alikuwa Mama Rwamba, mwenyekiti wa chama cha akina mama, mwanamke mnene mwenye sauti tamu. Yeye aliomba kama anayetuma habari. "Ee Bwana," alisema, macho yamefumbwa kabisa, "umkumbuke huyu msichana yetu ametoka Meru, ule alianguka. Unajua mahali alianguka, Baba. Unajua na nani. Hata kama yeye hataki kutuambia, wewe unajua." Na pale pale nilisikia shingo zikigeuka polepole gizani kunitazama. Wasengenyaji wengine angalau husengenya mtu akiwa hayupo. Huyu alinisengenya kwa Mungu nikiwa nimepiga magoti hatua chache nyuma yake, na nikatakiwa kuitikia Amina. Niliitikia. Dua la kuku halimpati mwewe, lakini kuku naye anataka mtoto wake abatizwe.

Sala za jioni zilikuwa na ugonjwa wa aina nyingine, na ugonjwa huo ulikuwa chai. Kwetu huwezi kuombea mtu nyumbani kwake ukaondoka na midomo mikavu; ni kama umemlaani. Jioni za kwanza, kule upande wa mto, ilikuwa chai tupu kwenye vikombe vya bati, na sala ilikuwa sala. Halafu nyumba moja ikatoa nduma. Ya pili ikaona haya, ikatoa nduma na viazi vitamu. Ya tatu ikatoa mkate wa duka uliopakwa siagi ya mkebe, na hapo ndipo shetani alipoona nafasi yake akakaa. Kabla ya mvua ndefu kwisha tulikuwa tumefika kwenye chapati. Mama Rwamba, zamu ilipofika kwake, alichinja majogoo, akawasha karabai, akavaa lile gauni lake la harusi za watu, na zaburi ya jioni ile ilisomwa na harufu ya mchuzi imetanda kiasi kwamba hata Mzee Njagi alikosea mstari mmoja akalazimika kurudi nyuma.

Mimi, kwa kuwa nilikuwa chini ya nidhamu, sikukaa sebuleni. Nilikaribishwa jikoni kuosha vikombe. Nawashukuru kwa hilo, maana jikoni ndiko nilikolijua kanisa. Jioni ile kwa Mama Rwamba wanawake wawili walisimama kando ya pipa la maji, wakinawa mafuta ya kuku mikononi, wakazungumza kana kwamba mimi ni jiko.

"Kesho ni kwa nani?"

"Kwa mwalimu."

"Ah, kwa mwalimu kuna mkate. Na keshokutwa?"

"Kwa Mama Igoki."

"Huyo mjane? Huko ni uji tu. Mimi keshokutwa nitakuwa na homa."

"Wewe sema homa, mimi nitasema ng'ombe anazaa."

Na kweli, kwa Mama Igoki tulifika watu wa kuhesabika kwa vidole, na mwanamke yule alikuwa ameuza kuku wake wa pekee aliyekuwa akitaga ili anunue mikate ya umati. Mikate ilibaki mezani imepangwa. Mzee Njagi alisoma ibada yote bila kupunguza neno, akaenda kwa Nuhu, akaenda kwa wafalme, akala kipande kimoja cha mkate, akaondoka. Niliona ni mtu asiye na macho. Mjane amekaa pale, uso umeanguka, na mzee anamwombea mfalme Hezekia!

Na hapa inanibidi niseme jambo ambalo sipendi kulisema, kwa sababu linawapa ushindi wasiostahili. Sala ile iliniingia. Sikuipenda wala sikuwapenda waliokuwa wakiiongoza, lakini baada ya miezi kadhaa niliamka kabla ya ringi kupigwa, na miguu ilikuwa chini kabla sijaamua. Nilipokuwa nikimimina mahindi kwenye kinu, na kelele za mashine zikiwa zimefunika kila kitu, nilijikuta nikisema zaburi nzima kwa kichwa, mstari wangu na mstari wa kuitikia, kwa sauti ya Mzee Njagi ile ya puani. Siku moja tulichelewa kufunga kinu na jioni sikwenda sala, nikalala kitandani nikihisi kama mtu aliyesahau kula. Hasira yangu ilikuwa kubwa. Nilikuwa nimekwenda pale kumnunulia mwanangu ubatizo, na sasa naona bidhaa nyingine wamenitilia mkobani bila kuniuliza. Mpaka leo, na mvi zote hizi, naamka saa hiyo hiyo. Wajukuu wangu husema bibi ni mcha Mungu. Bibi alizoeshwa, basi, kama ng'ombe wa Pasta Namu.

Zamu ilitambaa ikifuata njia, na mwezi wa Novemba ikafika kwetu. Jumamosi asubuhi, baada ya sala, Mzee Njagi alisimama akatangaza kama kawaida yake. "Leo ni kwa mwenye kinu. Kesho hatutembei, ni Jumapili. Jumatatu ni mlango ule wa nyuma ya kinu. Jumanne ni kwa daktari wa zahanati."

Waliokuwa wameanza kuinuka wakakaa tena. Mimi mwenyewe nilifikiri nimesikia vibaya.

"Mzee," akasema Mama Rwamba kwa ile sauti yake ya asali, "hapo nyuma si nyumba. Hiyo ni stoo ya magunia."

"Kuna mtu analala huko?"

"Analala, lakini..."

"Kuna moto unawashwa?"

"Mzee, wacha tuseme hiyo iko pamoja na ya tata yake," Pasta Namu akaingilia, akitabasamu. "Tutakuwa tumeiombea tukiwa kule mbele."

"Mlango ni mlango," akasema Mzee Njagi. "Tulikubaliana ni nyumba kwa nyumba."

"Basi, hiyo tutaangalia," pasta akasema, na akatoa baraka haraka kabla Mzee hajafungua mdomo tena.

Jumamosi jioni walijaa kwa tata, wakala chapati zake zote. Jumatatu tata alinikuta nikifagia unga kwenye kuta za chumba changu. Nilikuwa nimeazima vikombe vyake, nimechemsha nduma, na maziwa yalikuwa kwenye jagi.

"Usijisumbue, mwari," akaniambia polepole. "Hawaji. Wameelewana waende kwa daktari."

"Najua."

"Sasa hiyo chai yote ni ya nani?"

"Ni yao," nikasema. "Wasipokuja, itakuwa ni wao walioiacha."

Kiburi ni kitu kizuri ukiwa huna kingine. Niliivisha chai ile vizuri, nikaitoa motoni, nikafungua mlango wazi kabisa, nikakaa kwenye kigunia, Mwenda miguuni pangu. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya migomba nilipowasikia wakija wakiimba. Sauti ya Mama Rwamba ilikuwa juu ya zote. Walipofika usawa wa mlango wangu hawakunyamaza. Waliimba kwa nguvu zaidi, na kila uso ukatazama mbele kana kwamba kule kwa daktari kumewaka moto. Niliwaona wote, mmoja baada ya mwingine, na Pasta Namu katikati yao, Biblia kwapani. Walipita. Nilisikia lango la daktari likifunguliwa na mbwa akibweka. Mwanangu alikuwa akiwapungia mkono.

Nilikaa pale bila kulia, nikitazama chai ikifanya ngozi juu. Niliwachukia mpaka nikahisi joto mwilini. Ndipo nikasikia kikohozi nje.

"Hodi."

Alikuwa Mzee Njagi, koti limefungwa, kitabu mkononi. Alichungulia ndani.

"Wenzetu wako wapi?"

"Wamepita, Mzee."

"Wamepita namna gani? Zamu ni hapa." Alionekana kukasirika kweli kweli, si kwa ajili yangu, ila kama mtu aliyekuta mstari wa kahawa umepandwa upogo. Akaingia, akakaa kwenye gunia, akafungua kitabu, akaanza. Akafanya ibada nzima kwa watu wawili na mtoto. Palipoandikwa msomaji, alisoma. Palipoandikwa watu, alinyamaza akanitazama juu ya miwani mpaka nikaitikia. Aliniambia nisimame, nikasimama. Aliniambia nikae, nikakaa. Halafu ile sala yake. Uumbaji, Nuhu, wafalme, wazungu, serikali, kahawa. Mwenda alikuwa amejipaka nduma mpaka masikioni, akawa anavuta kamba ya kiatu cha Mzee na kucheka peke yake. Sikujua kama nicheke naye au nimmwagie mzee huyu chai kichwani.

Alipomaliza alikunywa kikombe kimoja, akaomba cha pili. Kisha akaniuliza, "Pasta alikuambia nini juu ya huyu mtoto?"

"Alisema Krismasi ataangalia."

Mzee akazungusha kikombe mkononi. "Hatambatiza. Nilikuwa kwa kikao. Walikata shauri tangu Agosti. Mpaka uolewe."

Tangu Agosti! Nilikuwa nimeamka kila alfajiri na mtoto mgongoni, nimeosha vikombe vyao, nimeitikia Amina kwa matusi ya Mama Rwamba, na wao wote walikuwa wakijua. Pasta alikuwa akinisalimia kila asubuhi akijua. Machozi niliyowanyima waliopita njiani yakatoka sasa mbele ya mzee huyu, na nikampigia kelele kwa Kimeru, Kiswahili na Kiembu changu cha kuvunjika. "Basi mimi naomba nini kila siku? Niambie, wewe unajua kitabu! Naomba nini?"

Aliweka kikombe chini akafungua kitabu tena, mahali pa mbele ambapo sikuwahi kumwona akisoma, akapitisha kidole kwenye mistari akitikisa midomo. Baadaye akanieleza kama mwalimu: mtoto akiwa katika hatari ya kufa, na kasisi asipatikane, Mkristo yeyote aliyebatizwa anaweza kumbatiza, mradi atumie maji na yale maneno. Akafunga kitabu. Akamtazama Mwenda, ambaye wakati huo alikuwa amefanikiwa kufungua kamba ya kiatu na alikuwa akiitafuna, mashavu yanang'aa, na akatoa mbeuo mkubwa wa nduma.

"Huyu mtoto," akasema Mzee Njagi, "mimi naona anakufa."

Nilimrukia mwanangu nikamnyakua. Nilidhani ni laana. "Mzee, usiseme hivyo! Mtoto yuko mzima!"

"Sikukuuliza wewe." Alikuwa ameshasimama, kitabu kwapani. "Mimi ndiye msomaji wa kanisa. Nimesema naona anakufa. Leta maji."

Nikaelewa. Nikamimina maji kwenye bakuli safi, nikamletea. Akauliza jina. Nikamwambia Kenneth, jina ambalo nilikuwa nimelitunza tangu mtoto azaliwe. Akakunja uso. "Hilo halimo katika Biblia," akasema, na hata katika saa ile, akiwa ameshauvunja ukweli vipande viwili, hakuweza kuvunja utaratibu wa majina. Kwa hiyo mwanangu anaitwa Zakaria, na hajanisamehe. Mzee alimmwagia maji mara tatu, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, na Zakaria akapiga mayowe ya mtoto mwenye afya kupita watoto wote wa Kanja.

Jumapili, wakati wa matangazo, Mzee Njagi alisimama akasema kwa sauti ile ile ya kutangaza zamu kwamba siku ya Jumatatu, katika sala ya jioni nyuma ya kinu, alimkuta mtoto katika hatari ya kufa, na kwa kuwa kasisi alikuwa kwa daktari akinywa chai, alimbatiza yeye mwenyewe kama kitabu kinavyoagiza. Uso wa Pasta Namu ukabadilika rangi.

"Alikuwa anaugua nini?"

"Mimi si daktari. Nilimwona hivyo."

"Na sasa?"

Kanisa zima likageuka kutazama kiti cha nyuma. Zakaria alikuwa amesimama mapajani pangu akipiga mgongo wa kiti kwa viganja vyote viwili.

"Sasa," akasema Mzee Njagi, "mnamwona."

Bibi kizee mmoja asiyejua siasa za kanisa akainuka akalia, "Bwana asifiwe! Amemponya!" Basi yakawa yamekwisha. Nani angesimama kusema kwamba Bwana hakuponya? Walilazimika kuitikia Amina, kwanza wachache, kisha wote, na Mama Rwamba akaitoa yake kama mtu anayemeza kwinini. Pasta hakuweza hata kurudia ule ubatizo. Yeye mwenyewe alikuwa ametufundisha kwamba ubatizo ni mmoja. Sijawahi kuionja Amina tamu kama zile, na nakiri kwamba utamu wake haukuwa wa Kikristo hata kidogo.

Ningependa niseme kwamba baada ya hapo walibadilika. Hawakubadilika. Chai iliendelea, Mama Rwamba aliendelea kumpasha Mungu habari, na mimi nilibaki kiti cha nyuma. Aliyebadilika ni Mzee. Kila alfajiri alianza kama kawaida, akapita kwa Nuhu na wafalme na kahawa, lakini alipofika kwenye toba alikwama. Alisema, "Na sasa tunatubu," kisha akanyamaza. Kimya kile kilikuwa kirefu mpaka watu wakafungua macho. Halafu akaruka moja kwa moja kwenye Amina, yeye ambaye hakuwahi kuruka kitu. Pasta alisema ni uzee. Mama Rwamba alisema ni Roho. Mimi sikusema kitu mpaka asubuhi moja tulipotoka kanisani pamoja, nyasi zikiwa na umande, nikamfuata nyuma kwa heshima nikamuuliza.

"Mzee, unanyamaza kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu ya uongo."

"Basi tubu, Mzee, yaishe."

"Kutubu ni mambo mawili, mwari. Kuacha na kujuta. Kuacha, nimeacha. Ni kujuta ndiyo imenishinda. Kila asubuhi nafika hapo natafuta majuto, sioni." Akasimama, akaangalia kitabu mkononi mwake. "Watu niliwadanganya. Lakini Yeye siwezi kumwambia kitu si kweli."

Tulitembea hadi njia panda, yeye akaenda kwa ng'ombe wake na mimi nikaenda kuwasha kinu. Asubuhi iliyofuata alipofika pale akanyamaza, nikanyamaza naye, nikijua tunanyamazia nini, na hiyo ndiyo sala ya kwanza niliyowahi kuiomba katika kanisa lile.